Maswali ya Wasomaji: Kuitafuta Kodi ya Saba kwenye Gitaa la Stili la Pedali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Moshi. Mwaka jana shemeji yangu anayeishi Texas aliniletea gitaa la stili lenye pedali (lile linalolazwa kama meza na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi), la nyuzi 10, pedali 3 na nyenzo 4 za magoti (kila wenzo hubonyezwa kwa goti), lililofungwa kwa mpangilio wa noti uitwao E9. Kodi za kawaida, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, nimezimudu. Kodi ya C, kwa mfano, naipata freti ya 8 (mstari wa nane wa alama chini ya nyuzi) bila kukanyaga kitu, freti ya 3 kwa pedali A na B, na freti ya 11 kwa pedali A pamoja na wenzo unaopandisha nyuzi za E. Shida yangu ni kodi za saba. G7 naijua mahali pamoja tu, yaani freti ya 3 nikiongeza uzi wa 9, na kila wimbo unapoihitaji hulazimika kurukia huko hata kama mkono uko mbali. Nimepata karatasi yenye michoro ya mahali pote, lakini vidoti ni vingi mno na nikiiacha siku mbili nimeshasahau. Je, kuna njia ya kuzitafuta kodi hizi mwenyewe bila kukariri?
Mwanakwaya, Moshi

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Njia ipo, na wewe uliyelelewa kwenye kwaya umeshaipata nusu yake bila kujua, kwa sababu unajua solfa (do, re, mi). Karatasi ya vidoti iweke kando kwa sasa. Nami niliwahi kubandika moja ndani ya kifuniko cha sanduku la gitaa, nikaitazama miezi mingi, na ilichonifundisha ni kuitegemea tu.

Tuanze na kodi yenyewe. Katika ufunguo wa C, kodi ya G7 ni sol, ti, re, fa. Noti ni nne, ila mbili ndizo zinazobeba kazi, nazo ni ti na fa. Kati yao kuna nusu toni 6 (nusu toni moja ni hatua ya freti moja), umbali ambao sikio haliwezi kuuacha hivyo ulivyo: ti inataka kupanda nusu toni iwe do, na fa inataka kushuka nusu toni iwe mi. Sauti ya pili na ya tatu katika kwaya yenu hufanya hivyo kila mnapomaliza ubeti. Sol ikikosekana, mpiga besi au kinanda ataitoa. Re ikikosekana hakuna atakayeulizia. Lakini fa na ti zikikosekana, hiyo si kodi ya saba tena. Kwa hiyo usiitafute G7 kama umbo la nyuzi nne au tano. Tafuta nyuzi mbili zilizoachana kwa nusu toni 6, kisha ujiulize ni nini kitakachozifungua.

Sasa rudi kwenye mahali unapopajua, freti ya 3 bila pedali. Uzi wa 6 hapo ni ti, wa 8 ni sol, wa 5 ni re, na ule wa 9 uliouongeza ni fa. Jozi yako ni uzi wa 9 na wa 6. Zipige hizo mbili peke yake uzisikie zinavyosuguana, halafu, chuma kikiwa palepale, kanyaga pedali A na B. Uzi wa 6 utapanda kutoka ti hadi do na uzi wa 5 kutoka re hadi mi, huku wa 8 ukibaki sol, nawe umeshafika C bila kusogeza mkono. Ikiwa gitaa lako lina wenzo unaoshusha uzi wa 2 pamoja na wa 9, kama yalivyo mengi ya E9, ubonyeze wakati huohuo, na uzi wa 9 utashuka kutoka fa hadi mi. Ti imepanda, fa imeshuka, kila moja juu ya uzi wake na kwa wakati mmoja. Fanya hivyo polepole sana mara kumi. Ninalipenda tendo hili kuliko jingine lolote katika gitaa hili, maana hapo unazisikia sauti mbili za kwaya zikitembea chini ya kipande kimoja cha chuma kisichotikisika.

Si bahati kwamba linatoka kirahisi hivyo. Wasikilizaji wengi wa Marekani waliisikia pedali ikivuta nyuzi wakati kodi inaendelea kulia kwa mara ya kwanza mwaka 1954, katika wimbo “Slowly” wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce, ambamo Bud Isaacs alipiga stili. Pedali ya Isaacs ilipandisha nyuzi za B na za G shapu (G iliyopandishwa nusu toni) kwa pamoja, ikaipeleka kodi ya wazi kwenye kodi ya nne yake. Baadaye mpiga stili Buddy Emmons aliitenganisha kazi hiyo ikawa ya pedali mbili, ambazo ndizo A na B zako. Mashine hii ilijengwa kuzunguka mwendo wa kodi moja kuingia katika nyingine, na kodi ya saba ni sehemu ya mwendo huo. Ndiyo maana nakusihi kila utakapoijua uijue pamoja na mlango wake wa kutokea.

Mahali pa pili ni freti ya 8, palepale inapokaa C yako ya wazi, na kama ningeruhusiwa kukufundisha pamoja tu, ningechagua hapa. Weka chuma freti ya 8, kanyaga pedali B peke yake, na wakati huohuo bonyeza wenzo unaoshusha nyuzi za E, yaani uzi wa 4 na wa 8. Piga nyuzi za 8, 6 na 5. Wenzo umeushusha uzi wa 8 kutoka do hadi ti. Pedali imeupandisha uzi wa 6 kutoka mi hadi fa. Uzi wa 5 haujaguswa, nao ni sol. Hiyo ni G7, na ukitaka re ikamilike, ongeza uzi wa 7. Kisha achilia mguu na goti kwa pamoja. Wa 8 unarudi do, wa 6 unarudi mi, wa 5 umebaki sol, na uko C bila kukanyaga kitu chochote. Ajabu ya mahali hapa ni kwamba kazi yote inafanyika wakati wa kuingia katika G7, na kutoka ni kupumzika tu. Katika nyimbo za taratibu, ambamo kwaya inavuta noti ya mwisho, utaona jinsi kuachilia polepole kunavyolainisha mwisho wa mstari kuliko kuteleza kutoka freti moja hadi nyingine.

Kuna jambo moja la kuangalia hapo. Wanaoanza huachilia pedali kwanza na goti baadaye, kwa sababu mguu ni mwepesi kuliko goti, ndipo kwa nukta moja husikika mi juu ya ti, sauti ya kodi nyingine kabisa. Ifanye iwe mazoezi ya pekee: wenzo na pedali, ndani na nje, bila kupiga melodi yoyote, hadi miguu isikilizane.

Ukiwa freti hiyohiyo ya 8 unaweza kupata G7 nyembamba ya juu bila wenzo wowote. Nyuzi za 1 na 2 zina noti mbili zilizoongezwa na Emmons mwaka 1962, nazo freti ya 8 ni re na ti. Kanyaga pedali B, uzi wa 3 utakuwa fa. Piga wa 2, wa 3 na wa 5, nawe una ti, fa na sol. Ukitoka, achilia pedali na upige uzi wa 4 badala ya wa 2, kwani do ya juu inakaa uzi wa 4. Mwangalizi asiyejua atashangaa kwamba uzi wa 2 unalia chini kuliko wa 3, lakini ndivyo ulivyofungwa, nawe umeshazoea.

Mahali pa tatu ni freti ya 6, kwa wenzo unaopandisha nyuzi za E, ule unaoutumia pamoja na pedali A ukitafuta C ya freti ya 11. Hapa pedali A usiiguse. Ukiubonyeza wenzo huo peke yake, uzi wa 8 unakuwa ti, wa 6 unakuwa re na wa 5 unakuwa fa. Sol haimo, lakini jozi ipo, nayo iko kwenye uzi wa 8 na wa 5. Mlango wake ni kuteleza mbele freti mbili hadi ya 8 huku ukiachilia wenzo njiani: ti inapanda kuwa do, re kuwa mi, na fa, ambayo mwalimu wa kwaya angetaka ishuke, hapa inapanda kuwa sol. Usiogope kosa hilo la kitabuni, kwani sauti tatu zinazopanda pamoja juu ya chuma kinachoteleza ni mlio halisi wa kantri ya Nashville, na sikio linaupokea bila malalamiko. Ukitaka sol iwemo, tumia wenzo unaoshusha uzi wa 9: ukishuka nusu toni, freti ya 6 unakuwa sol, na nyuzi za 9, 8, 6 na 5 zitakupa sol, ti, re, fa kwa mfuatano kamili. Uzi wa 9 usipige kabla ya kuushusha, kwa maana utatoa la iliyoshushwa, nayo ina ladha ya huzuni ambayo wimbo wako huenda haukuiomba.

Mahali pa nne ni freti ya 10 kwa pedali A na B. Hiyo ni G ya kawaida, na kinachokosekana ni fa peke yake. Magitaa mengi yana wenzo unaopandisha uzi wa 1 kwa nusu toni. Ukiubonyeza, uzi wa 1 utakuwa fa juu ya ti ya uzi wa 5. Piga wa 1, wa 4 na wa 5, kisha rudi freti ya 8 ukiachilia vyote, upige wa 3, wa 4 na wa 5. Panafaa pale melodi inapokuwa juu. Usipokuwa na wenzo huo, paache.

Pana pa tano pia, freti ya 9, kwa wenye wenzo wa kusukuma juu kwa goti unaoshusha nyuzi za B: ukiutumia pamoja na ule wa kupandisha E, nyuzi za 10, 9, 8 na 6 ni sol, ti, re, fa. Kwa nyenzo 4 ulizonazo huenda wenzo huo haumo, basi usihangaike nao.

Hayo ni mahali pa ufunguo wa C. Kuhamia ufunguo mwingine huhitaji kukumbuka kitu kimoja tu, kwamba umbali kati ya kodi ya saba na makazi yake, yaani kodi inakotulia, haubadiliki. Chukua ufunguo wa G, ambao kodi yake ya saba ni D7. G ya wazi iko freti ya 3. Basi D7 ya wenzo wa kushusha E na pedali B iko freti ya 3 hiyohiyo. Ile ya wenzo wa kupandisha E iko freti mbili nyuma, yaani ya 1, au ya 13 ukiitaka juu. Na kwa kuwa G ya pedali A na B iko freti ya 10, D7 ya wazi yenye uzi wa 9 iko freti ya 10 pia. Huhitaji kuuliza D7 iko wapi. Uliza nyumbani ni wapi, kisha utoke nje hatua unazozijua.

Kabla ya kuanza, kagua gitaa lako lenyewe. Yapo yaliyofungwa kwa mpangilio wa Emmons, ambapo pedali A iko mwisho wa kushoto, na yapo ya mpangilio wa Day, ambapo A, B na C zimegeuzwa. Nyenzo za magoti ndizo zinazotofautiana zaidi. Kaa chini bila kipaza sauti, bonyeza kila wenzo mmoja mmoja huku ukipiga nyuzi zote kumi, na uandike kwa mkono wako mwenyewe ni uzi upi uliosogea na umesogea kwa nusu toni ngapi. Karatasi hiyo fupi ndiyo ninayokushauri uibandike ndani ya kifuniko.

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kutoka Eldoret. Mimi na wenzangu tunapiga nyimbo za Jim Reeves na Don Williams katika sherehe. Kodi ya wazi kwenye stili yangu inalia safi kabisa, lakini nikitumia wenzo wa kupandisha E kutafuta kodi ya saba, inasikika kama imelegea, hasa kinanda kikiwapo. Nimekaza na kulegeza hadi nimechoka. Je, wenzo umeharibika?
Mpiga stili, Eldoret

JIBU: Haujaharibika, ndugu. Bila shaka uliifunga kodi ya wazi kwa sikio hadi ikatulia, na ulifanya vyema. Lakini sikio linapotulia, noti ya tatu ya kodi, ambayo kwenye nyuzi za 3 na 6 ni G shapu, huwa chini ya ile ya kinanda. Tukiigawa nusu toni moja sehemu 100, tatu safi iko chini kwa takriban sehemu 14. Ukifunga pedali A kwa njia hiyohiyo, C shapu yake nayo inakuwa chini, na wenzo wa kupandisha E, ukiusawazisha ili utulie juu ya C shapu hiyo, unajikuta chini zaidi, karibu mara mbili ya tofauti ya kwanza. Kodi yenyewe inapendeza ikiwa peke yake, ila yote imeteremka ukiilinganisha na kinanda.

Dawa iko mkononi, haiko kwenye ufunguo wa kukazia. Unapobonyeza wenzo huo, peleka chuma mbele ya mstari wa freti kidogo sana, upana wa ukucha au chini ya hapo, na usikilize kinanda. Mistari ya freti kwenye stili imechorwa tu na haikatazi uzi kulia popote, ndiyo sababu mkono unaweza kusahihisha. Usitazame mstari wakati huo. Mwambie mwenzako wa kinanda ashikilie noti moja, kisha lete chuma chako kwake hadi mawimbi ya mgongano yaishe. Baada ya majuma machache mkono utasogea wenyewe kila goti linapogusa wenzo huo, na utarudi kwenye mstari goti linapoachia.

SWALI: Mimi sina pedali. Nina stili ndogo ya mapajani ya nyuzi 6, imefungwa C6, kuanzia uzi mnene: C, E, G, A, C, E. Nimetafuta kodi ya saba hadi freti ya 12 na sikuiona. Iko wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hujaiona kwa sababu chuma kikiwa kimenyooka haimo. Pima kila nyuzi mbili za mpangilio huo na hutapata zilizoachana kwa nusu toni 6. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuinamisha chuma. Kutafuta G7, uzi wa 4 uwe freti ya 4 na uzi wa 2 uwe freti ya 5: hizo ni ti na fa za ufunguo wa C. Inataka mazoezi, kwa maana chuma kikiinama zaidi au pungufu kidogo kodi inapotoka, na huwezi kuuachia uzi wa 3 ulio katikati ulie. Uzuie kwa kiganja.

Ya pili ni nyepesi na mimi ndiyo ninayoipendelea kwa anayeanza. Kaza uzi wa 6, ule mnene, kwa nusu toni moja, kutoka C hadi C shapu, na usiguse mwingine. Sasa nyuzi za 6, 5, 4 na 3 ni kodi kamili ya A7, kwa hiyo G7 iko freti ya 10, chuma kikiwa kimenyooka: ti, re, fa, sol. Kutoka hapo teleza hadi freti ya 12 na upige nyuzi za 5, 4 na 2, ambazo ni mi, sol na do. Uzi wa 6 usiupige freti ya 12, kwani C shapu haina nafasi katika C. Ukaze polepole huku ukiulinganisha na uzi wa 3, na kama ni wa zamani ununue mpya kwanza.